Kipepeo wa Delabole

Inama kidogo, mwanga ulipige jiwe kwa ubavu. Utaona mabawa mawili yaliyokunjuliwa na mistari myembamba inayotawanyika kutoka katikati. Wachimbaji wa sleti wa Delabole, Cornwall, Uingereza, walimwita kipepeo, lakini huyu hakuwahi kuruka. Ni brakiopodi, mnyama mwenye magamba mawili aliyeishi kwenye sakafu ya bahari miaka milioni 360 hadi 370 hivi iliyopita.

Tope lililomfukia liligeuka mwamba. Baadaye mabara yaliposukumana, mwamba huo ulibanwa na kupata joto hadi ukawa sleti, mwamba geu unaopasuka kwa vipande vyembamba vya kuezekea nyumba. Joto lingezidi sana, madini yangejipanga upya na kumfuta kabisa. Hapa halikufika kiasi hicho: gamba lilivutika na kupinda tu. Na thamani yake imo katika kupinda huko, kwa sababu umbo lake la asili linajulikana, hivyo wanajiolojia hulitumia kupima mwamba ulivutwa kiasi gani.

Tafadhali tazama bila kugusa. Mistari hii haina kina, nayo husagika.