Kuruka kwa Macho

Rubani mwenye ndege yake ndogo, akitaka kuutazama mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika kutoka angani, huchagua kiangazi. Kati ya Juni na Agosti, majira ambayo watu wa pwani huyaita kipupwe, mvua zimekatika, mawingu ya radi yameondoka juu ya milima ya Mitumba, na ubaridi wa asubuhi huifanya hewa iwe nzito kidogo, hivyo bawa hupata nguvu. Anatoka uwanja wa Bujumbura, anapita juu ya mdomo wa Ruzizi, anaingia Kongo kwa Kavimvira, anauona mji wa Uvira uliobanwa kati ya mlima na maji, kisha bandari ya Kalundu, Makobola, Mboko, hadi Baraka na rasi ya Ubwari. Ziwa liko kushoto, milima kulia. Kwa hali ya usalama ya Kivu Kusini siku hizi, safari ya starehe kama hii ni ya kufuata kwa kidole kwenye ramani. Hata hivyo ndiyo inayofaa kueleza istilahi ninayotaka tuwe nayo kwa Kiswahili.

Kwa kuwa anavuka mpaka wa nchi, rubani huyo lazima apeleke kwanza mpango wa safari. Kwenye fomu kuna nafasi ya kutaja aina ya kanuni atakazozifuata, naye ataandika herufi moja: V. Marubani wetu waliosomea kazi kwa Kifaransa husema *vol à vue*. Mimi nasema kuruka kwa macho.

Wengi hudhani maana yake ni kuruka ili kutazama mandhari. Sivyo. Ni ahadi ya kisheria. Rubani anakubali kwamba yeye mwenyewe, kwa macho yake, ndiye atakayeepusha ndege isigonge mlima, mnara au ndege nyingine, na kwamba hataingia mahali ambapo macho hayafanyi kazi. Kanuni za kimataifa zimeweka vipimo. Chini ya mita 3,050 juu ya usawa wa bahari, aone mbele angalau kilomita 5, na akae mbali na wingu mita 1,500 kwa upande na mita 300 kwa juu au chini. Akipanda zaidi ya hapo, aone kilomita 8. Karibu na ardhi masharti ya wingu hulegezwa, lakini asiingie winguni, na ardhi au maji yaliyo chini yake asiyapoteze.

Kwa nini nisiseme “kuruka kwa kuona”? Abiria naye anaona. Tunasema kwenda kwa miguu na kushona kwa mkono, tukitaja kiungo kinachoifanya kazi. Hapa kiungo ni jicho. Tena Kiswahili kina zawadi ambayo Kifaransa hakina: kuwa macho ni kutosinzia, kuwa na hadhari. Sheria inataka yote mawili, na neno letu linayabeba bila kuongezewa kitu. Kwa aina ya pili ya urukaji, ile ya kutegemea mishale na namba za mbele ya kiti, ningekwepa “kuruka kwa vyombo”, maana chombo kwetu ni mtumbwi, meli na ndege yenyewe. Kuruka kwa vipimo kunaeleweka upesi.

Rubani mwenyewe ni neno la mwambao. Kabla ya ndege, rubani alikuwa mtu wa kukiongoza chombo bandarini, akijua mwamba uko wapi na mkondo unapinda wapi. Kazi ya macho ilikuwa yake tangu hapo.

Kwenye Ziwa Tanganyika kuruka kwa macho kulianza katika vita. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege nne za kutua majini, aina ya Short kutoka Uingereza, wakaziweka upande wa Mtoa, kaskazini mwa Kalemie ya leo. Zilivuka ziwa kwenda kuipiga Kigoma kwa mabomu, zikiiwinda meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai mwaka huo na ambayo baadaye ikawa Liemba. Ilikuwa kiangazi. Ndege za enzi hizo hazikuwa na kipimo cha kuonyesha upeo wa macho. Rubani aliutafuta upeo wenyewe, nje.

Na upeo ndio unaopotea. Kiangazi kile kile kinachofukuza mvua huleta moshi wa nyasi na mashamba yanayochomwa, pamoja na vumbi. Ziwa kati ya Uvira na Bujumbura lina upana wa kama kilomita 25, na kuna siku za Agosti ambapo ukisimama Kalundu vilima vya Burundi havionekani kabisa. Jua la asubuhi linatoka upande huo. Rubani anayeelekea Baraka akigeukia kulia anahesabu mabati ya nyumba. Akigeukia kushoto anakuta weupe mtupu, maji na hewa vimekuwa rangi moja, bila mstari wa kuvitenganisha. Akikaza macho huko, sikio la ndani litamdanganya: ndege italala upande pole pole naye atahisi imenyooka. Hatari hiyo si ya ziwa hili tu: tarehe 16 Julai 1999 John F. Kennedy mdogo, mwana wa rais wa Marekani wa jina hilo, alikuwa akiruka kwa macho usiku, juu ya bahari, kwenye utusitusi, karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard huko Marekani. Wachunguzi walisema alipoteza mwelekeo. Yeye, mkewe na shemeji yake walikufa.

Kwa hiyo kwenye mwambao wa Uvira rubani wa macho huushika ukingo wa maji upande wa mlima na kuupima mwono kwa alama anazozijua: akiwa Makobola na asione mbele kijiji kilicho umbali wa kilomita 5, anageuza, akigeukia ziwani kuliko na nafasi, wala si upande wa Mitumba, ambako vilele vya Itombwe hupita mita 3,000. Akirudi na kukuta Bujumbura nako kumefunikwa, mnara wa kuongozea ndege unaweza kumruhusu aingie eneo lake kwa mwono mdogo zaidi, hadi mita 1,500. Kibali hicho nakiita kuruka kwa macho kwa idhini, na lazima kiombwe kwa redio kabla ya kuingia.