Habari za Mkamba na Moshi wa Nyumba Zetu



Katika hesabu za mwaka mtaona kwamba fedha nyingi zilizotoka zimekwenda katika majeneza na nauli za kuwasafirisha marehemu wetu. Kwa hiyo twaona yafaa kueleza maradhi ambayo hapa Gatwekera husikika kila usiku kupitia kuta za mabati, nayo ni mkamba, yaani kuvimba kwa mirija ipelekayo pumzi mapafuni.

Maradhi haya ni ya kale, ila jina lake la kitabibu lilitiwa na Daktari Charles Badham wa Uingereza mwaka 1808. Waingereza wenyewe waliyajua kwa uchungu. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe, ukizuiliwa na ukungu, uliufunika mji wa London kwa siku 5. Watu wapatao 4,000 walikufa, wengi wao kwa vifua. Hesabu za baadaye zimefikisha 12,000. Mwaka 1956 Bunge lao likatunga sheria ya hewa safi, kwani walitambua kuwa dawa peke yake haimfai mtu avutaye moshi usiku na mchana.

Sisi nasi tuna moshi wetu. Kibera ilikuwa msitu waliokaa askari Wanubi wa jeshi la KAR mwanzoni mwa karne ya 20, na nafasi ilikuwa tele. Leo jamaa nzima hupika na kulala katika chumba kimoja, na mvua inyeshapo jiko la makaa huingizwa ndani na mlango hufungwa. Mafua ya mmoja huwa ya wote.

Hatukukosa watu wa kutujali. Tabitha Atieno Festo, muuguzi, alipewa dola 26 na Mmarekani Rye Barcott mwaka 2000. Akafanya biashara ya mboga, na kwa faida yake akafungua zahanati humu Kibera mwaka 2001. Alifariki mwaka 2004, na zahanati ikabaki na jina lake. Hapo ndipo wataalamu wa KEMRI na wenzao wa Marekani walipofuatilia maradhi ya pumzi, ya kuhara na ya homa, wakiwatembelea watu wa Gatwekera na Soweto nyumba kwa nyumba.

Mkamba ni wa namna mbili. Ule wa ghafla hufuata mafua: kikohozi, makohozi, kifua kubana, pengine homa kidogo. Aghalabu huletwa na virusi, na hupona wenyewe kwa muda wa majuma 3 hivi. Mgonjwa apumzike, anywe maji na vinywaji vya moto, na aepushwe na moshi. Asali hutuliza kikohozi, lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe kamwe. Vidonge vya rangi mbili vya kuua bakteria havina nguvu juu ya virusi. Mkamba sugu ni kukohoa makohozi miezi 3 au zaidi kila mwaka, kwa miaka 2 mfululizo. Huletwa na tumbaku, moshi na vumbi. Huo hauponi kabisa, lakini mtu aachapo sigara na kupata dawa ya kuvuta kutoka kwa daktari hupata nafuu.

Mzee mmoja wetu alikohoa miezi mingi, akinunua vidonge hivyo dukani. Kila kikao tulimpa pole, wala hapana aliyemshika mkono kumpeleka kupimwa. Alipofika hospitali ilikuwa kifua kikuu, na alikuwa amechelewa. Kosa hilo ni letu sote.

Basi tukumbuke: akohoaye zaidi ya majuma 2, atemaye damu, apungukaye uzito au akosaye pumzi, na mtoto apumuaye mbio hata mbavu zikabonyea, apelekwe hospitali upesi. Dawa za kifua kikuu katika hospitali za serikali hutolewa bure. Jiko na liwashwe nje, na likiingia ndani mlango uwe wazi.

Ni heri kuchanga nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali kuliko kuchanga ya kumrudisha maiti kwao.