Jembe na Mwamba: Tarikhi ya Mafunzo ya Viungo Usukumani

Atakaye kuandika tarikhi ya mafunzo ya viungo katika nchi yetu asianzie katika kumbi za miji, kwa kuwa huku Usukumani, katika ardhi ya Itilima iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, na ambayo Lagangabilili ndiyo makao makuu yake, wepesi wa mwili ni fani yenye asili ya kale. Tangu waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, walipohasimiana, wafuasi wao, Bagika na Bagalu, wameshindana kwa ngoma baada ya mavuno, pande zote mbili zikicheza kwa wakati mmoja, na upande uvutao watazamaji wengi ndio utwaao ushindi. Katika bugobogobo, iliyozaliwa na kilimo cha pamoja, jembe hurushwa hewani na kudakwa bila mdundo kukatika, jambo ambalo kijana halipati ila kwa saburi ndefu.

Mwamba, yaani bomba la mlalo la mazoezi ya viungo, ulitoka kwingine: Friedrich Ludwig Jahn aliutumia kuwafundisha vijana wa Berlin katika uwanja wa Hasenheide, uliofunguliwa mwaka 1811. Kwetu sarakasi ya jukwaani ilipata nguvu vijana waliopelekwa China mwaka 1965 waliporejea na kikundi cha taifa kikaundwa mwaka 1969. Kisha fani hiyo ikapata makazi katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981.

Mtoto anayeanza huona uzito mkubwa katika kujipindua juu ya mwamba, tumbo likiugusa na miguu ikipita juu ya kichwa. Aghalabu hunyoosha mikono na kutupa kichwa nyuma kabla ya wakati, nyonga zikaanguka mbali na chuma, naye akabaki akining'inia. Mwalimu hodari hamkemei: humwambia avute kidevu, akunje mikono, alete nyonga kwenye chuma, huku mkono mmoja wa mwalimu ukimkingia mgongo na wa pili ukimsukuma mapaja, na siku hadi siku nguvu ya mikono ile hupunguzwa, mpaka mtoto anapita peke yake.

Kwa imani yangu, mafundi wa bugobogobo wanastahili kualikwa katika shule za Itilima wakasimame kando ya mwamba huo, kwa kuwa kumtazama kijana na kuijua hofu yake kabla hajarusha jembe ni ilimu waliyo nayo tayari, na mwamba wenyewe hautaki zaidi ya nguzo mbili imara, bomba la chuma usawa wa kifua cha mtoto, na mchanga mwingi chini.