Mzigo uliopotea: mafumbo ya hisabati katika usaili wa waandishi wa programu

Tuseme ndege imetua katika uwanja wa Kanombe, mjini Kigali, ikiwa na mizigo 100 iliyopewa namba kuanzia 1 hadi 100. Mizigo inateremshwa bila mpangilio, na inapohesabiwa inapatikana 99. Ni namba ipi iliyokosekana? Swali la namna hii huulizwa mara kwa mara katika usaili wa watu wanaoomba kazi ya kuandika programu za kompyuta, ingawa kwa kawaida hutajwa namba tupu bila ndege wala mizigo.

Wengi huanza kwa kutafuta namba 1 katika rundo zima, kisha 2, kisha 3. Jibu litapatikana, lakini mizigo ikiwa milioni moja kazi hiyo itachukua muda mrefu mno. Njia bora ni ya kujumlisha. Namba 1 na 100 zinafanya 101. Vivyo hivyo 2 na 99, au 3 na 98. Jozi za aina hiyo ni 50, hivyo jumla ya namba zote ni 5,050. Ukijumlisha namba za mizigo iliyopo ukapata 4,977, uliopotea ni wa 73. Rundo limepitiwa mara moja, na kompyuta imelazimika kukumbuka namba moja tu.

Msaili mzoefu haishii hapo. Atauliza: na mizigo ikiwa 65,536? Sasa jumla ni 2,147,516,416, ilhali nafasi ya kawaida ya biti 32 haipokei namba inayozidi 2,147,483,647. Katika baadhi ya lugha za programu, hesabu hiyo inaweza kutoa jibu la uongo bila onyo lolote. Na ikipotea mizigo miwili? Jumla pekee haitoshi; itabidi kutafuta pia jumla ya miraba ya namba hizo, ambayo kwa 1 hadi 100 ni 338,350.

Si mafumbo yote yana manufaa hayo. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Microsoft ilijulikana kwa chemshabongo kama ile ya kwa nini vifuniko vya mashimo ya barabarani ni vya duara. Mwaka 2004 Google ilibandika kando ya barabara kuu ya California tangazo lisilo na jina la kampuni, likimtaka msomaji atafute namba tasa ya kwanza ya tarakimu 10 inayojitokeza katika mfululizo wa tarakimu za namba e. Jibu lilikuwa 7427466391. Lakini mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa rasilimali watu wa Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba chemshabongo katika usaili ni kupoteza muda, kwa kuwa hazibashiri chochote.

Kwa maoni yetu, kasoro yake kubwa ni kwamba humpendelea aliyekwisha kulisikia fumbo. Aliyelisikia hujibu papo hapo. Mwenzake, pengine mwenye uwezo zaidi, hutokwa jasho. Fumbo la mizigo nalo halijaepuka kasoro hiyo, ila maswali yanayofuata ndiyo yanayomfichua aliyekariri.

Hapa Rwanda kuna kikwazo kingine. Kiswahili ni lugha rasmi tangu mwaka 2017, lakini usaili wa kazi hizi aghalabu hufanyika kwa Kiingereza, lugha ambayo serikali iliamua mwaka 2008 iwe ya kufundishia. Mtu aliyezoea kusema jumla, mraba na wastani huweza kulijua jibu na bado akanyamaza akitafuta neno. Msaili asiyesikia kitu hana cha kupima, na nafasi ya kazi huenda kwa mwingine. (Sisi wafasiri tunaufahamu vyema ukimya huo.)

Kwa hiyo ni vyema kuandika hesabu kwanza na kuieleza hatua kwa hatua, hata kwa maneno machache. Inafaa pia kuuliza kabla ya kujibu: je, namba inaweza kujirudia? Je, zimepangwa? Kisha jaribu kwa mizigo 5. Ikiwa 1, 2, 4 na 5 ipo, jumla yake ni 12, na inayotakiwa ni 15.