Williamson wa Mwadui: jina juu ya jiwe

Ukifika Maganzo, barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, waulize wenyeji mgodi wa Mwadui ni wa nani. Watakuambia: wa Williamson. Bwana mwenyewe alifariki Januari 1958.

John Thoburn Williamson alizaliwa 1907 huko Quebec, Kanada, akasomea jiolojia mpaka udaktari katika Chuo Kikuu cha McGill. Alipokuja Tanganyika alizunguka miaka kadhaa Usukumani akitafuta almasi, malaria ikimwandama, pesa zikimwishia. Mwaka 1940 akaupata mwamba wa Mwadui: hekta 146, miongoni mwa miamba mikubwa ya almasi duniani. Almasi huumbika chini sana ardhini, kisha mlipuko wa kale wa volkeno ndio unaozipandisha juu. Kazi yake ilikuwa kujua mlango huo uko wapi.

Oktoba 1947 likaokotwa jiwe la waridi la karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth, aliyeolewa Novemba mwaka huohuo. Likachongwa London, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua.

Jiwe hilo nalo linaitwa Williamson. Sawa, elimu na ubishi wake vilistahili. Lakini mchanga wa Mwadui haukujichimba wala kujichekecha. Walioushika kwa mikono ni Waafrika kwa mamia, na jiwe halikubeba jina la hata mmoja wao. Historia yetu ya madini, kuanzia Mwadui hadi Geita, bado inawadai majina hayo.