Bei ya Kamera Si Gharama ya Picha

Ukiwa mtu wa kuandika programu, kuna swali ambalo huwezi kulikwepa. Jamaa, majirani na marafiki wa marafiki wote huuliza: "Ninunue kompyuta gani?" Wengine huongezea: "Na kamera je?" Kisha hutaja pesa walizo nazo mfukoni, nawe unatarajiwa kutoa jina la kifaa papo hapo, kama daktari anayeandika dawa.

Mimi naona swali lenyewe limekaa upande. Linauliza bei na kusahau gharama, na hivyo ni vitu viwili. Bei unailipa mara moja dukani. Gharama unailipa kila siku unayokitumia kifaa, na wakati mwingine unailipa siku ambayo hukukitumia kwa sababu kimekataa kuwaka. Historia ya kamera na kompyuta imejaa watu walioinuka na walioanguka kwa sababu ya tofauti hiyo. Leo tuipitie kidogo.

Tuanze Rochester, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1870, karani mmoja wa benki aitwaye George Eastman alianza kujifunza kupiga picha. Wakati huo picha ilipigwa kwenye kioo kilichopakwa dawa, na kioo hicho kilipaswa kutumiwa na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo mtu aliyetaka kupiga picha nje ya nyumba alibeba kamera kubwa, miguu yake mitatu, vioo, chupa za dawa na hema la giza. Bei ya kamera peke yake haikukuambia chochote. Gharama ilikuwa kwenye hema, kwenye chupa na kwenye mgongo wa kubebea.

Mwaka 1888 Eastman aliuza kamera yake ya kwanza yenye jina la Kodak kwa dola 25. Ndani ilikuwa na filamu ya picha 100. Zikiisha, unairudisha kamera nzima kiwandani pamoja na dola 10. Wao wanasafisha picha, wanazichapa, wanaweka filamu mpya na kukurudishia. Dola 25 zilikuwa pesa nyingi wakati ule, lakini mnunuzi hakuwa ananunua sanduku na lenzi tu. Alikuwa ananunua ruhusa ya kutojua kemia.

Halafu, mwezi wa Februari 1900, ikaja Brownie. Sanduku la kadibodi, lenzi moja ya kawaida, bei dola 1. Filamu ya picha 6 iliuzwa senti 15. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 100,000.

Sasa tupige hesabu. Filamu saba ni dola 1 na senti 5. Maana yake, ukifika filamu ya saba umeshatumia kwenye filamu pesa nyingi kuliko ulizonunulia kamera, na hapo hujalipa kusafisha wala kuchapa. Eastman hakuwa mjinga. Kamera ilikuwa chambo, samaki alikuwa kwenye filamu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa shingoni kimening'inia kwa mkanda.

Lakini tusimlaumu bure. Kamera ile ya bei ya chini iliwafungulia mlango watu ambao vinginevyo wasingeugusa. Mmoja wao ni Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Tanganyika. Alianza kupiga picha akiwa mtoto wa shule, kwa Brownie iliyokwishatumika na mtu mwingine. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix huko Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilizotangazwa na BBC, ziliifanya dunia ichange misaada. Angalia vizuri: Korem hakwenda na Brownie. Kifaa cha kujifunzia kilimtosha kujifunza. Kazi ilipokuja, ilidai kifaa cha kazi. Ni makosa kumnunulia mwanafunzi kifaa cha kazi, na ni makosa zaidi kwenda kazini na kifaa cha mwanafunzi.

Mchezo huohuo ulirudiwa kwenye kompyuta miaka themanini baadaye, safari hii Uingereza.

Mwezi wa Machi 1981 Clive Sinclair alitoa ZX81. Ikiwa imeundwa tayari ilikuwa pauni 69.95. Ukikubali kuiunga mwenyewe kwa chuma cha kulehemu, pauni 49.95. Alifikaje hapo? Kwanza alipunguza chipu: mtangulizi wake, ZX80, alikuwa na chipu 21, ZX81 ikabaki na 4. Pili, aliazima vitu vilivyokuwa tayari nyumbani mwako. Skrini ilikuwa televisheni ya familia. Hifadhi ilikuwa kinasa sauti na kaseti. Kumbukumbu ilikuwa kilobaiti 1 tu, yaani nafasi ya herufi zipatazo elfu moja. Makala hii unayoisoma isingeingia humo hata robo.

Kwa hiyo watu wengi walinunua kipande cha kuongeza kumbukumbu hadi kilobaiti 16. Bei yake? Pauni 49.95, sawasawa na kompyuta yenyewe ya kujiungia. Kipande hicho kilichomekwa nyuma, na kilikuwa na tabia ya kutikisika. Kikitikisika, programu uliyokuwa ukiichapa kwa saa mbili inapotea yote. Wenye ZX81 walijifunza kugusa kibodi yake bapa kwa adabu kama mtu anayepapasa tumbo la paka aliyelala. Hiyo nayo ni gharama, ila dukani hawaiandiki.

Hata hivyo ZX81 ziliuzwa zaidi ya milioni moja, na waandishi wengi wa programu wa Uingereza walianzia hapo au kwenye ndugu yake aliyefuata, Spectrum ya mwaka 1982.

Upande wa pili kulikuwa na kampuni ya Acorn na BBC Micro yake, iliyotoka Desemba 1981. Ile ya daraja la juu, Model B, ilitangazwa kwa pauni 335 na haikuchukua muda kupanda hadi 399. Kwa pesa hiyo ungepata ZX81 tano. Mbona basi shule za Uingereza ziliichukua? Kwa sababu shule ilikuwa na hesabu nyingine. Kibodi ilikuwa ya kweli, iliyovumilia vidole vya watoto thelathini kwa siku. Ilikuwa na matundu ya kuunganishia printa, diski na mashine nyingine darasani. Na serikali ilichangia nusu ya bei. Mtoto mmoja chumbani kwake alihitaji ZX81. Mwalimu mwenye kipindi cha dakika arobaini hakuwa na dakika kumi za kupoteza kwa sababu ya kipande kilichotikisika.

Historia ina utani wake. Ni Acorn haohao waliounda chipu ya ARM, iliyowaka kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Chipu za ukoo huo ndizo zinazoendesha simu karibu zote tunazobeba leo. Na mwezi wa Februari 2012 ikatoka Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye chipu ya ukoo huohuo, kwa dola 35. Majina ya Model A na Model B yalichukuliwa makusudi kutoka kwenye BBC Micro, lakini akili ya bei ni ya Sinclair: leta televisheni yako, kibodi yako, chaja yako na kadi yako ya kumbukumbu. Ukijumlisha vyote, dola 35 huwa zimesahaulika njiani. Kama vitu hivyo unavyo, umepata. Kama huna, piga hesabu upya.

Turudi kwenye kamera, maana hapa ndipo hesabu iligeuka kabisa. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali. Ilihifadhi picha kwenye kaseti, na kurekodi picha moja kulichukua sekunde 23. Kodak wenyewe walichelewa kuitilia maanani, na sababu yake inaeleweka ukiandika hesabu kama programu:

gharama = bei ya kamera + (gharama ya picha moja × idadi ya picha)

Biashara yote ya Kodak ilikaa ndani ya mabano. Kamera ya dijitali ilikuja kufanya gharama ya picha moja ikaribie sifuri.

Mwanzoni sehemu ya kwanza ilikuwa ya kutisha. Mwaka 1991 Kodak waliuza DCS, iliyojengwa juu ya kamera ya Nikon F3, yenye megapikseli 1.3. Bei ilikuwa dola 20,000 na zaidi, na diski ulibeba begani. Wanunuzi walikuwa hasa vyombo vya habari, kwa sababu kwao picha iliyochelewa ni picha iliyokufa. Kwa mtu anayepiga filamu mbili kwa mwaka, Krismasi na Idi, ilikuwa kichekesho. Ilipofika 2003 Canon wakatoa EOS 300D yenye megapikseli 6.3 kwa dola 899 bila lenzi. Hapo hata mpiga picha wa harusi wa kawaida akaona hesabu inakaa. Januari 2012 Kodak waliomba ulinzi wa kufilisika mahakamani.

Msidanganyike lakini kwamba mabano yalibaki matupu. Picha za dijitali zinakula diski, diski ya akiba, betri, umeme, na kompyuta yenye nguvu ya kuzifungua. Kamera mpya ya megapikseli nyingi inaweza kukulazimisha ununue kompyuta mpya. Kodak alikula kwa senti 15, huyu wa leo anakula kwa gigabaiti.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue nini, nitakuuliza mambo matatu kwanza. Kifaa hiki kitakula nini baada ya kukinunua? Utakitumia mara ngapi, kwa kweli, wala si kwa ndoto? Na kikikataa siku ya kazi, utapoteza nini?

Mwanafunzi anayejifunza kuandika programu, kompyuta ya mtumba yenye kibodi nzima inamtosha. Pesa inayobaki aiweke kwenye betri na intaneti. Mpiga picha wa harusi, kwa upande wake, afadhali awe na kamera mbili za kawaida kuliko moja ya kifahari, kwa sababu bibi harusi haingii ukumbini mara mbili.