Wembe wa Kukunja wa Sheffield, na Mpini Mpya wa Mpingo

Sheffield, Uingereza, ndiko Benjamin Huntsman alikoanza kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo miaka ya 1740, na chuma hicho kikaupa mji sifa kubwa katika biashara ya visu na nyembe. Ubapa wa wembe huu ungali mzima. Adui yake alikuwa mpini wa zamani wa seluloidi: plastiki hiyo ikichakaa hutoa mvuke wenye asidi, na chuma kilicho karibu hushika kutu.

Kutu imesuguliwa kwa mkono, kwa msasa laini na mafuta. Mashine ingepandisha joto, na makali yakipata moto hulegea. Vishimo vilivyoingia ndani vimeachwa makusudi. Kuvifuta kungekula hata mhuri wa mtengenezaji.

Vibao viwili vya mpini ni vya mpingo, unene wa milimita 3. Mpingo ni mzito, una mafuta yake wenyewe, haunywi maji upesi. Upande wa mkia kuna kabari ndogo inayovitenganisha vibao ili ubapa ukae katikati bila kugusa mbao. Tazama ribiti za shaba: zimegongwa taratibu kwa nyundo ndogo, maana pigo moja la nguvu hupasua kibao.